Jinsi ya kumwandika tajiri mfanyabiashara katika riwaya ya fantasia: anza na daftari lake

Tajiri wa kwanza niliyemwandika alikuwa na pete nane. Nne mkono wa kulia, nne wa kushoto, kila moja na jiwe lake. Alikuwa na tumbo, kicheko cha kutikisa vikombe, na walinzi wawili vifua wazi. Simulizi ilikuwa inatoka kila Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp. Sehemu ya tatu ilipotoka, msomaji mmoja mwenye duka la vitambaa Kariakoo akaniandikia maneno manne: "Huyu tajiri anauza nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na uchawi, majini, panga zinazozungumza na ramani ya falme tano, lakini mtu niliyemwita tajiri hakuwa na hata kibanda cha nyanya.

Neno lenyewe lingenisaidia kama ningelisikiliza. "Tajiri" tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni mfanyabiashara, awe nacho asiwe nacho. Sisi ndio tuliolisogeza likawa mwenye mali. Ila dereva wa daladala bado analitumia karibu na asili yake: tajiri ni mwenye gari, yule anayesubiri hesabu jioni. Hapo ndipo pa kuanzia. Tajiri wa riwaya yako ni mtu anayesubiri hesabu, na mpaka ujue anasubiri nini, kutoka kwa nani, na ikichelewa nani atamgongea mlango, huna mhusika. Una pete tu.

Nitakupitisha hatua kwa hatua nikitumia mhusika ninayemwandika sasa hivi, Bi Mize. Chukua njia, bidhaa niachie.

Hatua ya 1: Mpe bidhaa kabla hujampa jina

Waandishi wengi wa fantasia wakifika hapa huandika "viungo, hariri na dhahabu" halafu wanaendelea na safari. Hiyo ni orodha ya kila bandari duniani, kwa hiyo si ya bandari yako. Chagua bidhaa moja ambayo ipo kwa sababu dunia yako ina uchawi, kisha uiwekee masharti magumu.

Bi Mize anauza vivuli. Kwenye visiwa vya riwaya yangu kuna wavunaji wanaojua kubandua kivuli cha mti kutoka ardhini, wakakikunja kama mkeka. Bara, mwendo wa siku 60, kuna mji unaoitwa Kauka usio na mti hata mmoja, na watu wake wananunua kivuli wakitandaze juu ya ua, juu ya soko, juu ya kaburi la mtoto.

Sasa masharti. Mti ulionyang'anywa kivuli hunyauka ndani ya mwaka, kwa hiyo bidhaa inaisha na wavunaji kila mwaka wanaenda mbali zaidi. Kivuli hakina uzito lakini kina ukubwa; pagazi mmoja hawezi kukumbatia zaidi ya majora kumi. Na kubwa kuliko yote: kivuli kikiingia giza tupu kinayeyukia humo, hukipati tena. Lazima taa iwake usiku kucha.

Ona sharti hilo la mwisho lilivyonifanyia kazi. Sikuhitaji tena kubuni majambazi wenye panga. Anayetaka kumfilisi Bi Mize anahitaji kupuliza taa.

Kisha ipange bidhaa kwa madaraja, maana hakuna bidhaa isiyo na daraja. Mnunuzi wa karafuu hutumbukiza mkono kwenye gunia kuona kama imechanganywa na makonyo, vile vijiti vyake, au imelowanishwa ili izidi uzito. Kwangu mimi, kivuli cha adhuhuri ni kidogo, kinene, cheusi, na ndicho ghali. Cha alasiri ni kirefu na chembamba; kinauzwa bei ya chini. Na kama ilivyo kila mahali, wapo wanaokunja cha alasiri mara mbili wakakiuza kwa jina la adhuhuri. Ukishakuwa na daraja, udanganyifu umejileta wenyewe, na ukiwa na udanganyifu una sura nzima.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya njia, kwa kalamu kabisa

Usiruke hatua hii. Najua hukuingia kwenye fantasia upate kufanya hesabu, hata mimi. Lakini hapa ndipo riwaya nyingi zinapovuja, na msomaji aliyewahi kusafirisha hata magunia mawili ya vitunguu ataona.

Usibuni kila kitu. Azima vipimo vya misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji karne ya 19. Pagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, kama gramu 700. Zidisha mara siku 60: kilo 42. Pagazi angekula mzigo wake wote kabla ya kufika, na bado angedai.

Ndiyo sababu misafara haikubeba chakula cha safari nzima. Ilibeba nguo, shanga na waya wa shaba, ikanunua chakula njiani na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtawala aliyekuwa na mto, kisima au kivuko. Nguo iliyopendwa ilikuwa ile ya pamba isiyotiwa rangi, ikaitwa merikani kwa sababu ililetwa na wafanyabiashara wa Marekani waliokuwa wakitia nanga Zanzibar. Kitambaa kilikuwa pesa. Weka hilo akilini unapobuni sarafu za dhahabu zenye kichwa cha mfalme: huko msituni, nani atakuvunjia chenji?

Msafara wa Bi Mize unabeba majora 400 ya vivuli. Wapagazi 40. Kila mzigo unataka taa moja, nusu lita ya mafuta kwa usiku, lita 30 kwa safari. Hiyo ni kilo 27 na ushei, ukiongeza na chombo chake umepata mzigo wa mtu mmoja. Wapagazi wengine 40 basi, wa mafuta tu. Waongeze kumi wa nguo, watano kwa ajili ya chakula na watano kwa ajili ya hongo. Watu 90 wanakula vibaba 5,400, ambavyo ni pishi 1,350. Kama doti moja ya nguo inanunua pishi sita, zinahitajika doti 225. Mtu mmoja anabeba doti 50. Wale watano wanatosha, kwa kubana.

Nilipomaliza jedwali hili nililiangalia nikacheka. Bidhaa isiyo na uzito wowote inahitaji watu 90, na karibu nusu yao wanabeba mwanga wa kuilinda. Hakuna sentensi ya uchawi niliyowahi kuitunga kwa makusudi iliyonipendeza hivyo.

Usiimimine hesabu hii yote kwenye riwaya. Msomaji aone kirangozi, kiongozi wa msafara, akitikisa dumu usiku wa 41 na kusikia mafuta yanagonga chini. Basi.

Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja wa daftari lake

Ukikosa muda wa hatua nyingine, fanya hii. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mhusika tajiri asiye na daftari hupotea vivyo hivyo.

Chukua karatasi, andika mambo manne: anachodaiwa, anachodai, kilicho njiani, na pesa iliyo mkononi. Huu hapa wa Bi Mize, siku riwaya inapoanza:

*Kwa Mzee Kombo: riale 1,800, mali kauli. Kulipwa msafara ukirudi, au kusi ikiisha, lolote litakalotangulia.*

*Nyumba ya bandarini: imeuzwa kwa Binti Athumani, riale 900. Kurudishiwa nikilipa ndani ya miezi 18. Kodi riale 10 kwa mwezi.*

*Sultani: namdai riale 3,000. Mwaka wa tatu.*

*Njiani: majora 400, mkononi mwa Nyamizi, kirangozi. Kauka wananunua kwa riale 9.*

*Sandukuni: riale 41.*

Soma tena taratibu. Vivuli vikifika ni riale 3,600. Sultani akilipa ni 3,000 nyingine. Toa madeni, anabaki na karibu riale 4,000. Mji mzima unamwamkia kwa heshima hiyo. Lakini sandukuni mna 41, na kodi ya nyumba anayokaa, nyumba ambayo watu wanadhani ni yake, itazimaliza kwa miezi minne. Huyu ndiye tajiri. Kila ninapomwandikia neno la kusema, nakumbuka 41.

Mambo mawili humo nimeyachukua kwenye historia, nawe unaruhusiwa. La kwanza ni mali kauli, bidhaa inayotolewa kwa neno la mtu, ilipwe baadaye. Biashara ya bara ya karne ya 19 ilisimama juu ya hilo. Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla hajafariki Zanzibar mwaka 1905, na humo anataja mali aliyokopa na aliowakopa. Nyuma ya msafara wake alikuwepo Taria Topan, Mhindi wa Kutch aliyekaa Unguja na kumkopesha. Mmoja alitembea, mwingine alisubiri. Unapoamua tajiri wako ni yupi kati ya hao wawili, umeshaamua nusu ya riwaya.

La pili ni ile nyumba. Riba ni haramu kwa Mwislamu, lakini mtu bado anahitaji pesa. Njia mojawapo iliyotumika Zanzibar na Oman ni kuuziana nyumba au shamba kwa sharti la kurudishiwana: nakuuzia leo, nikikuletea pesa yako ndani ya muda tuliopatana inarudi kwangu, na kwa sasa naendelea kukaa humo kama mpangaji. Kodi ndiyo faida ya mkopeshaji. Kwa mwandishi hii ni zawadi. Bi Mize anakaribisha wageni, anaagiza kahawa, anafukuza watu kwenye baraza, na kila mwezi anapeleka riale kumi kwa msichana wa mtaa wa pili aliyerithi pesa za marehemu baba yake.

Tahadhari moja: usimpe mhusika deni asilolijua msomaji halafu ukalitoa sura ya mwisho kama kiini macho. Lionyeshe mapema. Utamu uko katika kujua na kumwangalia anavyotabasamu.

Hatua ya 4: Mfunge kwenye majira

Pwani yetu biashara iliendeshwa na pepo mbili. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India. Kusi, kuanzia Aprili hivi, iliyarudisha. Nahodha aliyechelewa kuuza mzigo wake hakukosa basi la jioni, alikosa mwaka. Alibaki, akapanga chumba, na wapo waliooa.

Buni kitu cha namna hiyo: mto unaogeuka upande, lango linalofunguka mwezi ukiwa mwembamba, joka linalolala miezi mitano. Halafu liwekee tarehe kwenye daftari. Mzee Kombo analipwa kusi ikiisha. Basi kila upepo unapobadilika kwenye riwaya, msomaji ataguswa hata kama hakuna anayesema neno.

Hatua ya 5: Nyumba na mlango

Fupi hii. Acha mazulia. Nyumba ya tajiri ni mahali pa kazi, na ramani yake inafuata kazi. Kilwa Kisiwani, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, jumba la vyumba zaidi ya 100, na sehemu nzima ilikuwa ua uliozungukwa na maghala. Aliishi na mzigo wake. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, mgeni wa biashara huishia dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni. Kuingia ndani ni hatua nyingine, na haitolewi bure. Ndani, zidaka za ukutani zilipangwa vyombo vya Kichina, mali ambayo mgeni anaiona bila mwenyeji kuitaja.

Kwa hiyo amua watu wanafika wapi: nani anaishia dakani, nani anavuka, nani anaona bohari. Bi Mize ana chumba kimoja chenye taa 12 zisizozimwa. Mhusika wangu mkuu anakiona mara moja tu, sura ya tisa.

Hatua ya 6: Mgeni anaingiaje sokoni?

Karibu kila fantasia ina kijana anayeshuka bandarini, anaingia sokoni moja kwa moja na kuanza kuuza jiwe lake la ajabu. Haiwezekani, na sababu zake ni tamu kuliko jiwe.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona vijana wakitoka pwani kwa mashua kuilaki jahazi, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani hiyo na kutangaza: huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hashukii kwingine ila kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au kumuuzia pasipo mwenyeji kuwepo, biashara yake haikuhesabika.

Ichukue sahani hiyo. Ulimwengu wako utapata sheria, ukarimu na mtego kwa pamoja. Mgeni amelindwa, na pia amefungwa. Chakula kimeshaliwa, sasa nani atathubutu kusema bei ni ndogo? Mimi nimeongeza kwamba vijana wa Bi Mize hufika kwanza kwa sababu anamlipa mlinzi wa mnara, na kwamba sahani yake huwa na samaki wa kupaka.

Hatua ya 7: Mtawala awe mdeni wake

Mfalme anayemnyang'anya tajiri mali kwa nguvu ni rahisi kuandika na hachoshi akili. Mfalme anayemhitaji ni bora. Zanzibar, kuanzia miaka ya 1830, Sultani alimkodisha mfanyabiashara forodha yake: Jairam Shivji alitoa kiasi cha mwaka kilichopatanwa, naye akakusanya ushuru wa bandari na kubaki na kilichozidi. Mwenye bendera ni mmoja, mwenye ufunguo wa forodha ni mwingine. Huko Augsburg, Ujerumani, Jakob Fugger alitoa sehemu kubwa ya pesa zilizomwezesha Charles wa Tano kuchaguliwa kuwa mfalme mwaka 1519, na malipo yalipochelewa, mwaka 1523 alimwandikia barua kumkumbusha kwamba bila yeye asingelipata taji. Hebu fikiri kalamu iliyoandika barua hiyo.

Lakini kumdai mtawala kuna sumu yake. Ukimbana sana anaweza kukufuta wewe na deni. Ukimwachia, wanaokudai wewe wanaona umelegea. Bi Mize anahudhuria kila karamu ya ikulu na hajawahi kutaja riale 3,000. Anachofanya ni kukaa mahali ambapo Sultani lazima amwone.

Hatua ya 8: Nani anabeba?

Hapa sitakubembeleza. Ukiazima misafara ya pwani, unaazima pia minyororo yake. Sehemu kubwa ya utajiri wa Zanzibar ya karne ya 19 ilitoka kwenye pembe za ndovu, karafuu na watu waliouzwa. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na soko la watumwa la mjini halikufungwa hadi 1873. Fantasia inayochukua majahazi, milango ya nakshi na harufu ya karafuu, halafu inawaacha nje waliobeba, inapamba tu.

Si lazima kila riwaya iwe ya utumwa, na wapagazi wengi, Wanyamwezi hasa, walikuwa watu huru waliopatana ujira na kugoma ulipopunjwa. Ila lazima ujue wa kwako ni yupi, na umpe jina. Kwangu ni Nyamizi, kirangozi wa msafara. Anaogopa giza kuliko bidhaa anayoilinda, na anajua jambo moja ambalo Bi Mize halijui: usiku wa 23, mzigo mmoja ulizimikiwa na taa, na badala ya kivuli asubuhi ikakutwa nguo ya pagazi tu, imekunjwa vizuri.

Kisha muulize tajiri wako swali ambalo dunia yake haimuulizi. Bi Mize anajua visiwa vinanyauka. Anajua idadi, maana imo daftarini. Bado sijaamua kama ni mtu mbaya. Nadhani nikiamua nitamharibu.

Hatua ya 9: Mpe mdomo, na mkono

Tajiri mfanyabiashara haongei kama mfalme wala kama mchawi. Hatishi, hasifii mali yake, na hakimbilii bei. Anauliza hali. Kuuliza kwake hali ndiyo silaha, kwa sababu ndani yake ameficha anachokijua. Tazama Sefu, mtoto wa mwenye jahazi, anavyokuja kuuza vivuli 30:

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mama mguu umepoa?"

Sefu hakuwa amemwambia mtu habari za mguu. "Unaendelea vizuri, bibi."

"Mpe salamu. Kaa unywe kahawa."

Alikunywa kikombe cha kwanza, akaletewa cha pili na kashata. Ndipo Bi Mize aliponyoosha mkono. Aliinua pindo la kivuli cha juu, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kama mtu anayepima khanga mpya, kisha akakiinua mbele ya dirisha. Mwanga ukapenya, mwembamba, kama kwenye tui lililochujwa mara ya tatu.

"Hiki kimevunwa saa ngapi?"

"Adhuhuri, bibi."

"Adhuhuri ya wapi, mwanangu?"

Hakuna aliyepandisha sauti, na Sefu ameshapoteza. Ukitaka kuongeza mvutano, nyamazisha kabisa mazungumzo. Wafanyabiashara wa lulu wa Ghuba walipatana bei mikono ikiwa chini ya kitambaa, vidole vikibanana kwa hesabu wanayoijua wao, huku mdomoni wakizungumzia hali ya hewa. Waliosimama pembeni hawakupata hata senti ya habari. Sura ya 12 nimeifanya hivyo: Bi Mize na Mzee Kombo, kitambaa cheupe juu ya mikono, na msomaji anaona vidole tu vinavyosukuma nguo kutoka chini. Niliiandika mara sita. Mara tano za kwanza niliharibu kwa kueleza kila kidole maana yake.

Kuhusu methali: moja kwa sura inatosha, na bora isemwe na anayedaiwa. "Kukopa harusi, kulipa matanga" ikitoka kinywani mwa mkopeshaji ni tishio la kawaida. Ikitoka kwa Bi Mize mwenyewe, akicheka, mbele ya Mzee Kombo, wageni wote wanageuka kumwangalia Kombo.

Hatua ya 10: Vunja mstari mmoja wa daftari

Msiba wa tajiri usiwe moto unaoteketeza kila kitu. Rudi kwenye ule ukurasa, chagua mstari mmoja, uukate, kisha fuata mistari mingine inavyoitikia. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mwenye shamba aliyekopa kwa mavuno ya mwaka huo hakupoteza mwaka mmoja tu. Lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, karafuu ikapanda bei, na waliokuwa na miti huko wakaamka wakiwa watu wengine. Upepo uleule.

Ndivyo unavyotaka: hasara yenye mtu anayefaidika, na mtu huyo awe tayari ndani ya riwaya. Mimi nimekata mstari wa njiani. Siku ya 50 ujumbe unafika kwamba mafuta yamekwisha mahali ambapo hayakupaswa kuisha. Mzee Kombo anasikia jioni hiyohiyo na anaanza kuhesabu siku za kusi. Binti Athumani anasikia kesho yake, anakuja na kukaa dakani, kimya, kwa mara ya kwanza bila kuomba ruhusa. Sultani anasikia, na anatuma mwaliko wa karamu. Bi Mize anamwambia mtumishi amletee kanzu ya bluu.

Hatua ya 11: Rudi sura ya kwanza na ufute

Sasa, na si kabla, andika jinsi anavyoonekana. Utashangaa jinsi kinachohitajika kilivyo kidogo. Futa kicheko, futa tumbo, futa walinzi wasio na mishahara. Pete nane nilizifuta zote, kisha nikarudisha moja, ya shaba, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Alijaribu kuiweka rehani kwa Mzee Kombo miaka 20 iliyopita, siku aliyoanza biashara. Kombo aliipima mkononi, akamrudishia, akamkopesha pesa hivyohivyo.